Nyumba Niliyoitoa Haikuwa Yangu

Kariakoo,
Jumamosi, baada ya alasiri.

Mama,

Watu huanza barua kwa kusema wao ni wazima na hofu ni kwa yule wanayemwandikia. Mimi leo si mzima hivyo, na wewe nimekuona sasa hivi ukitoka hapa unacheka, unakwenda mtaa wa Gerezani kumuaga shangazi yako. Kwa hiyo salamu nitaziruka. Barua hii nitaiweka chini kabisa ya mkoba wako, chini ya chapati, na kwa kuwa nakujua wewe na njaa hamkai pamoja muda mrefu, nina hakika utakuwa umeifikia kabla treni haijafika Morogoro. Mambo ya chakula, ya sanduku, ya kutomwamini kila anayekusalimu kwenye behewa, mama yako ameshakueleza tangu juzi, tena mara tatu tatu. Huko sina la kuongeza.

Nimekuita Mama tangu siku uliyozaliwa. Ulipewa jina la mama yangu, Mwanaidi, na mtu hamwiti mama yake kwa jina. Ndiyo maana hujawahi kunisikia nikilitamka, hata siku ulipovunja redio. Leo nataka kukueleza habari za mwenye jina, maana unaondoka hapa na hadithi yake ambayo si ya kweli, na aliyekupa hadithi hiyo ni mimi, kwa kukaa kimya.

Jana jioni ulijaza ile fomu ya Chama hapa mezani, utakayoikabidhi Jumatano ukiripoti kazini wilayani. Ulipofika mahali pa mali ukaandika “Sina” kwa herufi kubwa, ukanisomea. “Baba, mimi hata kijiko si changu, watanishika wapi?” Tukacheka wote. Kisha ukasema kwamba siku ya kwanza ukipewa nafasi ya kuzungumza, utawaeleza kuwa baba yako alikuwa katibu wa tawi hapa Kariakoo, na kwamba Azimio la Arusha lilipokuja alisimama mkutanoni akaitoa nyumba yake ya vyumba sita kwa Chama, bila kulipwa hata senti. Mimi nikanyamaza. Wewe ukaniangalia kwa mapenzi, ukadhani baba ni mnyenyekevu.

Si unyenyekevu, Mama. Ni aibu. Nimekuwa nayo tangu uko darasa la kwanza.

Nyumba ile aliijenga bibi yako kwa vitumbua. Alianza na chumba kimoja cha miti na udongo, babu yako amekwisha kufa na mimi niko mgongoni. Akapika, akauza, akasimamisha cha pili, akampangisha mtu. Chumba cha nne kilikaa miaka bila paa kwa sababu yangu, kwa kuwa hela ya makuti ilikwenda kwenye ada yangu ya shule. Baadaye akaubomoa udongo akaweka matofali ya saruji, ukuta mmoja mmoja, wapangaji wakiwa ndani. Walikuwa wanahamishwa chumba hiki kwenda kile na magodoro yao kichwani, wanalalamika, na yeye anawatania mpaka wanacheka. Hakuna tofali katika nyumba ile nililoliweka mimi.

Karatasi za kiwanja zilipotakiwa kuandikwa upya alinichukua tukaenda wote. Kurani aliisoma vizuri kuliko mimi, lakini herufi za serikali hakuzijua. Karani alipouliza jina, bibi yako akanishika bega akasema, “Andika la huyu. Mimi na yeye ni mmoja.” Ndivyo jina langu lilivyoingia. Nilikuwa kijana, nilifurahi, na sikufikiria zaidi ya hapo.

Kila siku akishaswali alfajiri alikuwa anafagia. Alianzia uani, akapita ukumbini katikati ya milango ya wapangaji, akatokea barazani, akashuka mpaka barabarani. Hata alipoumwa mgongo hakumwachia mtu. Wapangaji walikuwa wanaamshwa na sauti ya fagio lake, na mmoja wao, Bwana Eliakimu, alisema sauti ile ndiyo iliyokuwa saa yake.

Huyo Eliakimu unamfahamu. Ndiye Mangi wa Mchikichini, anayekupa peremende mpaka leo kama vile hujaota meno. Alikuja kutoka Kilimanjaro na sanduku la mbao na mizani, akapanga chumba cha mbele, akafungua duka. Yeye Mlutheri, bibi yako mtu wa swala tano, na hawakuwahi kukwaruzana. Idi alikuwa anapelekewa sinia la pilau. Krismasi yeye alikuwa ananunua jogoo, halafu anamleta akiwa hai mpaka mlangoni kwetu ili achinjwe na mkono wa Mwislamu na sisi tuweze kula. Hiyo ndiyo ilikuwa nyumba.

Sasa usidhani naidhihaki imani yako. Mimi niliamini kuliko wewe. Wewe umezaliwa bendera iko juu. Mimi nimewahi kusimama nje ya ofisi ya forodha, kofia mkononi, nikingoja kijana wa Kizungu amalize chai yake ndipo anitazame. Waliposema nchi ni yetu na hakutakuwa na mtu wa kumla mwenzake, nililia mbele ya watu, na sikuyafuta machozi. Nikawa karani mchana na katibu wa tawi jioni. Nilikwenda mikutanoni kwa moyo ule ule niliokwenda nao msikitini, na baadaye, niseme ukweli, mikutanoni nilikwenda zaidi.

Yakaja masharti ya uongozi. Kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Tukapewa muda wa kujisafisha. Mama, hapo ndipo nilipowaona wenzangu. Mmoja aliandika nyumba jina la mkewe. Mwingine jina la shemeji aliyekuwa hajawahi kuiona Dar es Salaam. Mwenyekiti wetu wa tawi aliandika zake mbili jina la mwanawe mchanga, kwa hiyo mwenye nyumba tajiri kuliko wote mtaani kwetu alikuwa na umri wa miezi mitano na bado ananyonya. Jioni tunakutana tunaimba pamoja.

Mimi nilikuwa na njia nyepesi kuliko wote, na ilikuwa njia ya haki. Kwenda kwa karani na kusema: mwenye nyumba ni mama yangu, rudisheni jina lake. Basi. Isingekuwa hila, maana ndivyo ilivyokuwa. Lakini nikaona haya. Nikajiambia watasema katibu naye kajificha nyuma ya kanga za mamake. Niliwachukia wale wenzangu kwa uongo wao, na nilikuwa nataka kuonekana tofauti nao, mbele za watu, mchana kweupe. Sikumuuliza. Hata siku moja sikukaa naye nikamwambia mama, kuna jambo hili, unasemaje.

Siku ya mkutano uwanja ulijaa. Shehe aliomba dua, mchungaji akaomba sala, na mimi nikaona kweli Mungu yuko upande wetu. Ilipofika zamu yangu nikasema naitoa nyumba yangu kwa Chama, vyumba sita, na karatasi hii hapa. Nikaiinua juu. Watu walisimama. Walinibeba juu juu kunirudisha mpaka mtaani, kinamama wanapiga vigelegele.

Bibi yako alikuwa uani, anakaanga. Akasikia vigelegele vinakuja, akamuuliza jirani, “Nani anaoa?”

Jirani ndiye aliyemwambia.

Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga. Wageni walipokwisha kuondoka aliniita, akanitengea kiti kama siku zote, akasema, “Shabani, mtu akiweka nyumba wakfu, si hutoa chake?”

Nikasema, “Ndiyo, mama.”

“Haya. Nilikuwa nauliza tu.” Akarudi kwenye karai lake.

Alfajiri yake nilisikia fagio. Nikashukuru moyoni, nikasema yamekwisha. Lakini sauti ilikuwa fupi. Nikafungua mlango nikachungulia. Alikuwa amefagia ndani ya chumba chake, akafika kizingitini, akakusanya takataka zake kwenye karatasi, akaingia ndani. Ukumbi hakuugusa. Hakuugusa tena mpaka anakufa. Na mwisho wa mwezi alijitanda, akaenda mwenyewe ofisi ya tawi, ambayo sasa ilikuwa chumba cha pili kutoka chake, akalipa kodi, akataka stakabadhi. Mimi ndiye niliyemwandikia.

Wewe ulikuwa unalala naye siku zile. Uliwahi kuniuliza kwa nini ukumbi wetu mchafu na wa jirani msafi. Nilikujibu kuwa ukumbi ni wa wote. Jibu hilo nililipenda sana, nikalitumia na mikutanoni.

Haikupita muda, Mwenyekiti akaja na hoja kwamba haifai nyumba ya Chama kuwa na duka la mtu binafsi. Barua ya kumtoa Eliakimu niliiandika mimi, na niliisoma mimi, nimesimama mbele ya mizani yake. Nilimwita mnyonyaji, neno lenyewe limo ndani ya barua, mtu ambaye siku niliyougua homa ya manjano alifunga duka akanisukuma kwa mkokoteni mpaka hospitali. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Katibu,” akasema, “mwenye nyumba anajua?”

“Mwenye nyumba ni Chama.”

Akatikisa kichwa, akaanza kupanga makopo kwenye sanduku. Bibi yako alitoka chumbani akamsaidia kubeba. Yeye alishika mizani, mwanamke wa umri ule, akatembea naye mpaka Mchikichini. Mimi nilibaki mlangoni na barua yangu.

Chumba kile cha mbele kikawa duka la ushirika la tawi. Unalikumbuka. Rafu ndefu na chumvi peke yake. Sukari ikija, habari zinaenea kabla gari halijazima, na watu wanapanga mawe kushika nafasi, jiwe la mama fulani, tofali la baba fulani, mpaka kona ya Msimbazi. Tena ukitaka sukari ulilazimika kuchukua na jembe, kwa kuwa majembe yalikuwa yamejaa stoo. Mtaa mzima wa Kariakoo ulikuwa na majembe chini ya vitanda na hakuna mwenye bustani ya kulima hata mchicha.

Na mimi, mtu safi, sikupanga foleni. Nilikuwa na mlango wa uani. Mwanzo nilipewa kilo mbili kwa ajili ya wageni wa Chama. Kisha zikawa kwa ajili ya nyumbani. Kisha kukawa na kanga, sabuni, vitambaa, na mimi nalipa bei halali, senti kwa senti, kwa hiyo nikajiona sijaiba. Hilo ndilo nililokuwa najiambia, kwamba nimenunua. Lakini kila nilichopitisha mlango wa nyuma kilipungua mlango wa mbele, na watu waliokuwa na mawe yao pale nawajua kwa majina. Wengine ndio walionibeba.

Wakati huo bibi yako alikuwa amerudi kwenye vitumbua. Alikuwa ameviacha tangu nilipoanza kazi, sasa akatoa chuma chake cha zamani, akakaa barazani kwa jirani, si kwetu, akaanza kukaanga na umri wake ule. Nilikasirika. Nilimwambia, “Mama, watu wananicheka, mama wa katibu anauza vitumbua njiani!” Akasema, “Wanacheka na wananunua.” Nilidhani anafanya makusudi kunifedhehesha. Wewe ulikuwa unamsaidia kutwanga mchele, na mimi nilikukataza mara mbili, na mara mbili hukunisikia. Namshukuru Mungu hukunisikia.

Vitumbua vinataka sukari. Siku moja aliweka jiwe lake tangu alfajiri, na alipofika wa tatu kutoka mlangoni wakatangaza imekwisha. Mimi nilikuwa natoka uani wakati huo huo, kikapu mkononi, nimefunika kwa gazeti. Kichochoro cha kutokea uani kinaishia mbele, hakina kwingine. Tukakutana uso kwa uso, mbele ya nyumba aliyoijenga, yeye na jembe ambalo alishalilipia akitegemea kupata sukari, mimi na kilo nne. Alikiangalia kikapu. Hakunisalimia wala hakunipita kwa hasira. Alinipisha njia, kama anavyopishwa mkubwa.

Jioni nikamgongea nikampelekea kilo zote nne. Akasema, “Weka hapo mlangoni, mwenyewe atakuja kuzichukua.” Nikasema ni zako, mama. Akasema, “Hapana, mimi nilikuwa wa tatu.” Zililala pale mpaka wadudu wakaziingia. Kuanzia siku hiyo, akija kwangu, chai alikunywa bila sukari.

Kwa hiyo vile viatu vya mchuchumio ulivyoniomba mwezi uliopita nikakunyima, ukaninunia wiki nzima, halikuwa suala la ubahili. Ulisema rafiki yako ana mjomba ghalani, atakutolea jozi kabla hazijafika dukani, kwa bei ya dukani, tatizo liko wapi? Nilishindwa kukujibu kwa sababu hayo yalikuwa maneno yangu mimi, na ulikuwa unayasema kwa sauti yangu. Ningekueleza habari ya kikapu ningelazimika kueleza na mengine yote. Nikachagua uninunie.

Yaliyofuata unayajua nusu. Mwenyekiti alipostaafu, siku moja akaja kijana wa kukusanya kodi ambaye hatumjui, na stakabadhi zenye jina la mkwe wa Mwenyekiti, na huyo ndiye tunayemlipa kodi mpaka leo. Karatasi ilipitia wapi sikujua na mpaka leo sijui. Nilikwenda kulalamika kila mlango wenye kibao. Wote waliniuliza swali moja, kwa upole kabisa: una karatasi gani wewe? Karatasi niliitoa mbele ya watu elfu, sikubakiwa hata na nakala. Nikamfuata Mwenyekiti mwenyewe nyumbani kwake. Alinikaribisha chai, ikaja na sukari tele. “Katibu,” aliniambia, “si wewe uliyetufundisha kwamba mali si kitu?” Akacheka, na hakuwa na ubaya wowote usoni. Nikaacha ukatibu mwezi ule ule na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Bibi yako alikufa kwenye chumba cha kupanga ndani ya nyumba yake, na kodi ya mwezi ule alikuwa amekwisha kuilipa. Sikuwahi kumwomba msamaha. Nilikuwa nangoja siku nzuri. Nilikuwa na miaka kadhaa ya siku nzuri, na kila siku niliona hiyo inayokuja itafaa zaidi.

Nilidhani mambo yangu na yeye yameishia kaburini. Leo asubuhi, wewe ukiwa umekwenda kusuka nywele, Eliakimu akaja. Amezeeka, anatembea na mkongojo, ametoka Mchikichini kwa miguu. Bado ananiita Katibu, na sijui kama ni heshima au ni adhabu.

“Binti yupo?”

“Ametoka. Kesho anasafiri.”

“Ndivyo nilivyosikia. Nina amana yake.”

“Amana ya nani?”

“Ya bibi yake.”

Akatoa bahasha iliyofungwa kwa kipande cha kanga. Kanga ile niliitambua kabla sijaambiwa lolote. Akanieleza amesimama, alikataa kiti. Vitumbua vile, Mama, havikuwa vya kunifedhehesha. Kila jioni alikuwa anapita Mchikichini kumwachia Eliakimu kilichopatikana, na Eliakimu akamtafutia kiwanja Buguruni, akamtafutia fundi, akasimamia mpaka bati la mwisho. Vyumba viwili na choo. Kodi yake imekuwa ikitunza nyumba yenyewe, na sasa yumo mjane mmoja mshona nguo na watoto wake. Hati ina dole gumba la bibi yako, na mashahidi ni Eliakimu na imamu. Jina lililoandikwa ni Mwanaidi binti Shabani. Ulikuwa na miaka kumi na miwili.

Ardhi ni ya serikali, hilo nalijua, nimelihubiri miaka. Lakini matofali yale yana mwenyewe, na mwenyewe ni wewe.

Nilimuuliza Eliakimu kwa nini mama yangu hakunipa mimi niweke. Akaangalia sakafu. “Katibu, unajua kwa nini,” akasema. “Aliniagiza hivi: siku mtoto huyu anatoka kwa baba yake, mpe mkononi mwake. Kabla ya hapo asijue mtu.” Miaka yote ile nililala ukuta mmoja naye, namsikia akikohoa, na siri yake ilikuwa Mchikichini kwa yule niliyemwita mnyonyaji. Mimi niliweka imani kwa watu waliojua kuimba. Yeye aliiweka kwa mpangaji wake, na mpangaji amekuja nayo kwa mkongojo, imekamilika.

Nikamwambia, “Niachie mimi, nitampa.”

Niliona anavyonipima. “Nitakuachia,” akasema hatimaye. “Bibi yake hakuniruhusu. Lakini na mimi nina watoto, sitaki binti asikie haya kwa mtu wa nje.” Akaiweka mkononi mwangu, akavikunja vidole vyangu juu yake, akaondoka.

Sasa nikuambie nililolifanya, ili ulijue lote. Nilikwenda uani na bahasha. Mama yako alikuwa amewasha jiko la mkaa kwa ajili ya chapati zako. Nikasimama pale. Nikawaza fomu yako. Neno lile “Sina” lilikuwa zuri sana jana, na wewe ulikuwa mzuri ulipolisoma. Nikasema huyu mtoto anaanza safari akiwa safi, kwa nini nimtie mzigo? Karatasi moja tu, mara moja tu, na binti yangu atasimama kule wilayani akisema kweli tupu. Mkono ulikuwa juu ya jiko. Mama yako akaniuliza, “Baba Mwanaidi, unatafuta nini hapo?” na mimi nikashtuka, nikaona ninachokitafuta. Nilikuwa nataka kutoa tena nyumba isiyokuwa yangu, ya mwanamke yule yule, ili mtu aonekane safi.

Hati imo ndani ya barua hii. Ikague, ishike, hiyo alama ya rangi ya zambarau ni kidole chake.

Kwa hiyo nimekuharibia fomu yako. “Sina” uliyoiandika ilikuwa kweli jana, lakini ukifika mstari huu si kweli tena. Ukiandika kwamba unayo, na imepangishwa, kazi wanaweza kukunyima. Ukiiandika jina la mwingine, utakuwa umejiunga na wale wenzangu niliokuwa nawachukia. Ukiacha neno lako lilivyo, utaishi nalo. Na ukitaka kuitoa, itoe, ni yako, una haki ambayo mimi sikuwa nayo. Ila ukate shauri ukiwa peke yako, si mahali penye watu wa kupiga makofi, na umwambie kwanza yule mjane anayelala humo. Zaidi ya hapo sitakuelekeza. Mimi ni mtu wa mwisho wa kushauri kuhusu nyumba.

Nimekuwekea pia kalamu, na wembe, ule tunaoutumia maofisini kukwangulia wino. Fomu bado haijapigwa muhuri.

Kesho treni ikishaondoka sitarudi nyumbani moja kwa moja. Nitakwenda Buguruni. Sitaingia ndani, si kwangu. Nitamwomba mpangaji wako fagio, nianzie uani kwake, nipite, nitokee mbele mpaka barabarani. Nimeshindwa kumwomba radhi yule Mama wa kwanza. Wewe niliyebakiwa naye, ukiweza, nisamehe kwa niaba yake. Usipoweza nitaelewa, na nitarudi kufagia Jumapili nyingine.

Ni mimi baba yako,
Shabani, mpangaji.